Homa, Mtogwa na Upepo

Hapo zamani, na msinitolee macho mkadhani ni zamani ya sungura na fisi, hapana, ni zamani ya juzijuzi tu, maana msumeno wenyewe bado upo, umetundikwa ghalani, una kutu na umeng'oka meno mawili. Hapo zamani palikuwa na mtu na shemeji yake. Endeleeni kupukuchua mahindi. Hadithi yangu haimpi mtu ruhusa ya kukunja mikono.

Mtu huyo aliitwa Lutengano. Shemeji yake aliitwa Kaduma, kaka mkubwa wa mkewe. Walikaa Ikongolo, juu kule kwenye baridi, ambako ukungu unaingia mpaka jikoni bila hodi. Kazi yao ilikuwa kupasua mbao.

Ninyi mnanunua mbao zimekwisha nyooka, hamjui zinatoka wapi. Gogo lilipandishwa juu ya kichanja cha miti minene, kimo cha mtu na nusu. Mmoja alisimama juu ya gogo, mwingine chini yake. Msumeno mrefu, mkono mmoja juu, mkono mmoja chini. Wa juu anavuta, wa chini anavuta. Wa juu anavuta, wa chini anavuta. Hivyo hivyo mpaka jioni. Wa juu ndiye mwenye macho, kwa sababu yeye ndiye anayefuata mstari uliopigwa kwa uzi wa masizi. Wa chini ndiye mwenye mgongo, na unga wote wa mbao unamwangukia yeye usoni. Mtu wa chini humwamini mtu wa juu kuliko anavyomwamini mkewe. Lutengano alikuwa wa juu. Kaduma alikuwa wa chini.

Wapasua mbao wa Ikongolo walikuwa na sheria yao moja, nayo iliitwa kutembea gogo. Kila asubuhi, kabla msumeno haujagusa mti, mtu wa juu alipanda peku, akatembea juu ya ule mstari wa masizi kutoka mwanzo wa gogo hadi mwisho, kisigino kikigusa kidole, kisha akarudi. Mtu wa chini alisimama akimtazama miguu. Mguu ukitoka nje ya mstari, wa chini anasema neno moja tu: "Shuka." Na akishasema shuka, hakuna kubishana. Siku hiyo hamna kazi, mtaonana kesho.

Sasa Lutengano alikuwa fundi, haya, tumpe haki yake. Ubao wake ungeulalia kama kitanda usihisi kijiti. Lakini alipenda ulanzi. Jamani, alipenda ulanzi! Na alikuwa na kituko kimoja, kijiji kizima kinakijua: akilewa, huimba. Akinywa kidogo, anaimba za kanisani. Akinywa mwingi, anaimba zile ambazo akina mama huziba watoto masikio. Hakuna aliyewahi kumwona Lutengano amelewa akanyamaza. Hilo lishikeni, mtalihitaji mbele.

Na ulanzi, kwa wewe uliyezaliwa mjini, ni maji ya mwanzi. Unakata chipukizi la mwanzi, unaning'iniza kikopo, linadondoka tone, tone, tone. Likiwa bado bichi ni tamu, hata mtoto anakunywa, nalo huitwa mtogwa. Ukiliacha likalala, linaamka na hasira. Hapo huitwa mkangafu, na mkangafu hauulizi ukoo wako.

Basi siku hiyo ninayoisema, Kaduma alipita kwa Lutengano asubuhi kumchukua waende kazini. Akamkuta dada yake mlangoni. Dada yake aliitwa Twilumba.

"Kamwene, Twilumba."

"Kamwene, kaka."

"Shemeji kaamkaje?"

Twilumba akageuka akatazama ndani. Ndani Lutengano alikuwa ameshika nguzo ya kitanda kwa mikono miwili, maana tangu jana yake jioni alikuwa hajakaukwa na ulanzi. Twilumba akarudisha uso kwa kaka yake.

"Ana homa kidogo," akasema. "Lakini anakuja."

Homa! Miaka sita Twilumba alikuwa anasema homa. Harusi ya binamu, homa. Mazishi ya mjomba, homa. Nanyi niambieni, homa gani hiyo inayompata mtu kila baada ya siku ya mnada? Lakini alimpenda mumewe, aliona haya, na neno homa lilikuwa limezoea mdomo wake. Kaduma akasema pole. Wakaondoka.

Njiani walipita kwa Sikitu. Huyu Sikitu alikuwa mjane, mgema ulanzi, ana shamba la mianzi aliloachiwa na mama yake. Mnakumbuka wanavyosema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji? Sikitu alisifiwa miaka yote na hakutia hata tone. Heri angetia, siku ile!

Jumbe wa pale alikuwa ameweka amri: hakuna kuuza ulanzi kabla jua halijafika utosini. Atakayevunja amri, mianzi yake inafyekwa. Mkali yule mzee. Basi wanywaji walikuwa wametunga lugha yao. Kaduma alikuwa ametangulia hatua kumi, Lutengano akainama mlangoni kwa Sikitu.

"Dada Sikitu, nina kiu. Nipe mtogwa wa jana."

Kaduma kule mbele akasikia mtogwa, akaona si neno, mtogwa hata watoto wanakunywa. Lakini mtogwa wa jana ni kitu gani, jamani? Mtogwa ukilala si mtogwa tena! Ni mkangafu. Sikitu alijua, Lutengano alijua, hata kuku wa Sikitu walijua. Lutengano akatoa kikombe chake, maana kila mnywaji wa pale alitembea na kikombe chake mwenyewe, kimechongwa kwa mwanzi, kina alama ya mwenyewe. Cha Lutengano kilikuwa na meno ya msumeno yamechorwa ukingoni. Sikitu akamtilia kimoja. Akamtilia cha pili. Cha tatu akasita.

"Mdogo wangu, huendi kupanda gogo wewe?"

"Ni mtogwa tu, dada."

"Haya, mtogwa," akasema Sikitu, akatia.

Wakafika kwenye kichanja, Kaduma mbele, Lutengano nyuma anaimba za kanisani chini kwa chini. Gogo lile lilikuwa la mbao za paa la shule, na mvua kubwa zilikuwa zimeanza, watoto wanasoma huku wananyeshewa, na mtoto wa Kaduma mmojawapo alikuwa anakohoa. Lutengano akapanda kutembea gogo. Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tano mguu wa kushoto ukatoka nje ya mstari, mikono ikapepea hewani, akarudisha.

Kaduma akafungua mdomo kusema lile neno.

"Upepo," akasema Lutengano kutoka juu.

Kaduma akatazama mti uliokuwa karibu. Hakuna jani lililotikisika. Moshi wa jikoni kwa watu ulikuwa umenyooka kwenda juu wima. Akamkumbuka mtoto wake anayekohoa. Akakumbuka dada yake amesema homa, akakumbuka kwamba kule njiani umenywewa mtogwa tu.

"Upepo, kweli," akasema Kaduma. "Haya, vuta."

Basi hapo ndipo maneno matatu yalipokutana. Homa ya Twilumba, mtogwa wa Sikitu, upepo wa Kaduma. Wa juu akavuta, wa chini akavuta. Wa juu akavuta, wa chini akavuta. Wa juu akavuta, na hakuwapo tena juu.

Alianguka na msumeno. Kichwa kikapiga mguu wa kichanja, ko! Meno ya msumeno yakampasua paja, na Kaduma, aliyerusha mkono kuudaka msumeno usimshukie mwenzake kifuani, ukampitia kiganjani. Damu ya paja ilikuwa inaruka. Haikutiririka, iliruka.

Usiache kupukuchua, wewe. Hafi. Nakuambia mapema ili utulie, maana mimi mwenyewe nikiifikia sehemu hii roho hunidunda.

Kaduma akavua shati, akalikunja, akalisukuma kwenye jeraha, akaliegemea kwa mkono wake ule ule uliochanika, kwa uzito wake wote. Akapiga kelele mpaka bonde likaitika. Wakaja watu wanne wenye machela. Kati yao alikuwamo tarishi wa Jumbe. Akaja Twilumba anakimbia bila kanga ya juu. Akaja Sikitu, ameacha mlango wake wazi na ulanzi umemwagika.

Hospitali ya misheni ilikuwa ng'ambo ya bonde, kushuka na kupanda. Wale wanne wakabeba machela. Kaduma akatembea ubavuni, mkono umekandamiza paja, hakuutoa. Wakamwambia, "Kaduma, mkono wako unavuja, tubadilishane." Akasema, "Nikiutoa anakwisha." Wakavuka mto, hakuutoa. Wakapanda kilima, hakuutoa. Walipofika hospitali, vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, ikabidi vifunguliwe kimoja kimoja. Viwili havikufunguka vizuri mpaka anaingia kaburini.

Mlangoni walimkuta dresa, ndivyo alivyoitwa mfunga vidonda enzi hizo, kijana nadhifu ana kalamu sikioni. Akaona paja, akasema vizuri, damu imeshikwa, aliyefanya hivi kafanya kazi ya daktari. Akainama usoni kwa Lutengano. Akanusa. Akainuka amekunja pua.

"Huyu kalewa," akasema. "Paja nitalishona. Kichwa hakina neno, ana usingizi wa pombe. Mlazeni pale barazani, pombe ikimtoka ataamka."

Na kweli Lutengano alikuwa amelala. Anakoroma taratibu, midomo wazi. Wale wabeba machela wakapumua, wakakaa chini, mmoja akaanza kucheka kwa uchovu. Ni Twilumba peke yake aliyebaki amesimama.

"Haimbi," akasema.

"Nani?" dresa akauliza.

"Mume wangu. Akilewa huimba. Huyu haimbi. Baba, hii si pombe."

Dresa akatabasamu. "Mama, mimi nimesikia harufu."

"Nami nimeisikia miaka sita!" Twilumba akapaza sauti, baraza zima likageuka. "Nimedanganya miaka sita. Nikasema homa. Kwa mchungaji nikasema homa, kwa mama yake mzazi nikasema homa, leo asubuhi nikamwambia kaka yangu homa. Haikuwa homa hata siku moja, ilikuwa pombe! Mimi ndiye ninayemjua akilewa, hakuna mwingine chini ya jua anayemjua kunizidi. Akilewa huimba hata akiwa amelala. Sasa nasema kweli, na kama hamnisadiki kwa sababu ya uongo wangu, basi mnipige mimi, lakini mtazameni kichwa!"

Wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Twilumba aliamua kujiumbua mwenyewe, kifo kisipate kazi. Dresa akaona haya. Akawasha kiberiti, akamfungua Lutengano jicho moja, akafungua la pili. Kiini cha jicho la kulia kilikuwa kidogo. Cha kushoto kimetanuka. Kiberiti kikamwunguza dresa vidole naye hakusikia. Akakimbia kumwita daktari.

Daktari akaja akiwa amekunja mikono ya shati. Akasema damu inavuja ndani ya fuvu, inabana ubongo, ndiyo inayomlaza. Ni lazima afungue kidirisha kichwani aitoe, na afungue sasa hivi. Dawa ya usingizi ikaletwa. Daktari akauliza, "Huyu amekunywa nini leo?"

Twilumba akamtazama kaka yake.

"Nauliza kwa sababu pombe na dawa hii ni ndugu wa baba mmoja. Wakikutana ndani ya mtu huzima pumzi. Na tumbo likiwa limejaa, atatapika akiwa amelala, yamwingie mapafuni. Amekunywa nini, lini, kiasi gani?"

Twilumba akasema, "Ni ya jana. Leo sijui." Kaduma akasema, "Leo kanywa mtogwa tu, nimesikia kwa masikio yangu." Daktari akaanza kugeuka, maana mtogwa si pombe.

Sikitu alikuwa amesimama nyuma ya nguzo. Mbele yake, hatua mbili tu, alikuwa amekaa tarishi wa Jumbe, yule mbeba machela. Akimtazama tarishi, anaiona mianzi ya mama yake. Akimtazama Lutengano, anaona kikombe cha tatu. Alijua akisema amekwisha, na alijua akinyamaza mtu amekwisha.

"Daktari," akasema, "ni mkangafu. Vikombe vitatu vikubwa, asubuhi hii, jua halijatoka vizuri. Mimi ndiye niliyemtilia. Mtogwa ni jina tu."

Tarishi akageuza shingo polepole, akamtazama. Sikitu hakuangalia chini.

Daktari akairudisha ile dawa ya usingizi. Akaagiza mpira, wakamsafisha tumbo, mkangafu ukatoka mwingi, hospitali nzima ikanuka kilabu. Akatumia sindano ya ganzi kichwani, na dawa ya usingizi kidogo sana, kwa kupima. Akafungua kidirisha. Damu nyeusi ikatoka. Lutengano akavuta pumzi ndefu, na jicho la kushoto likaanza kurudi.

Haya, pumueni na ninyi. Nimewaambia hafi.

Siku ya kwanza alilala. Siku ya pili akafumbua macho, akamwita mama yake, aliyekwisha kufa. Siku ya tatu mchana Twilumba alikuwa nje anafua. Akasikia sauti inatoka wodini, ya chini, ya kukwaruza, inaimba wimbo wa kanisani. Twilumba akaangusha nguo kwenye matope, akakimbia ndani anapiga kelele.

"Nani kampa pombe? Nani kampa mume wangu pombe!"

Dresa akaja mbio, akainama, akanusa. Akanusa tena. Akainuka anacheka mpaka kalamu ikamwanguka sikioni.

"Mama, hana pombe. Anaimba tu."

Twilumba akakaa sakafuni. Akacheka, akalia, akacheka. Miaka sita hakuwa amemsikia mumewe akiimba akiwa mkavu. Akamwambia, "Imba, baba. Imba hata zile mbaya."

Lakini kijijini Jumbe ni Jumbe. Tarishi alisema aliyoyasikia, na mianzi ya Sikitu ikafyekwa, shina kwa shina. Kaduma akaacha kupasua mbao, maana kwa vidole vile hawezi kukamata mkono wa msumeno. Twilumba kila alipopita kisimani wenzake waliulizana, "Homa imeshuka?" wakacheka. Mbao za shule wakamalizia watu wengine, na paa likapauliwa.

Mwezi wa tatu tangu aanguke, Lutengano alirudi nyumbani na fimbo, mguu unaburuta kidogo, kichwani ana kovu la mviringo. Watu wakachinja mbuzi. Wakacheza. Sikitu alialikwa naye akaja, na Twilumba alimpokea kwa mikono miwili, maana hasira zilikuwa zimeisha, imebaki shukrani. Walipokwisha kula, Lutengano akainuka, na watu wakasogea karibu, kwa sababu walijua kinachofuata.

Pale Ikongolo aliyenusurika kifo cha pombe haapishwi. Wazee walisema kiapo cha mlevi ni povu, linapanda halafu linashuka. Badala yake anakabidhi kikombe. Anakitoa kikombe chake mkononi mwake, anampa yule aliyemrudisha kutoka kaburini, mtu mmoja tu, si wawili. Kuanzia hapo hanywi kwa chombo kingine maisha yake yote, na hanywi ila mwenye kukishika akimtilia kwa mkono wake. Mshika kikombe akisema leo hapana, ni hapana. Tena mshika kikombe ana sauti nyumbani mwa yule mtu, anakaa mbele kwenye shughuli zote, na watoto humwita mzazi. Ni heshima kubwa. Na ni mzigo, maana mtu akirudi kulewa, watu hawamuulizi yeye, wanamuuliza mshika kikombe.

Lutengano akakitoa kikombe chenye meno ya msumeno. Akakiinua watu wakione.

"Jamani," akasema, "msicheleweshe. Leo asubuhi nilikuwa natoka kisimani, miguu yangu ikageuka yenyewe kwenda kwa dada Sikitu, wakati ninajua mianzi hakuna. Kiu haijafa. Nimepasuliwa kichwa, nayo haijafa. Nikilala na kikombe hiki usiku mmoja zaidi, mtanirudisha kwenye machela. Semeni ni nani."

Kaduma akainuka wa kwanza. Akainua ule mkono wenye vidole viwili vilivyopinda.

"Shemeji, daktari asingekuwa na mtu wa kumpasua kichwa kama ningeondoa mkono huu. Maiti haipasuliwi. Nimevuka nawe mto, nimepanda nawe kilima. Na mimi ndiye niliyekaa chini yako miaka yote, nikiutazama mguu wako. Kikombe ni changu."

"Uliutazama mguu, kaka," Twilumba akasema, "ukauona umetoka. Ukasema upepo. Neno moja tu lilitakiwa, shuka, nawe hukulisema."

Kaduma akakaa. Twilumba akasimama.

"Kaka alimleta hospitali, kweli. Akamleta alazwe barazani afe anakoroma! Nani alijua ule si usingizi wa pombe? Nimejivua nguo mbele ya watu ili mume wangu atazamwe jicho. Na ni mimi ninayelala naye, ni mimi nitakayemwona kila siku. Kikombe ni changu."

"Utamwona," akasema Sikitu kwa upole, "kama ulivyomwona miaka sita. Siku akikuomba kwa machozi, mdogo wangu, hutamtilia kisha ukatuambia ana homa?"

Twilumba akakaa. Watu wakaguna. Sikitu akajifunga kanga vizuri, akasimama.

"Mkono wa Kaduma ulimfikisha, ulimi wa Twilumba ukamwamsha daktari, na dawa ya usingizi ingemuua mkiwa wote mnatazama. Ukweli wa mtogwa ulikuwa kwangu peke yangu. Kaduma alitoa vidole viwili, Twilumba alitoa haya yake. Mimi nimetoa shamba la mama yangu, sina kitu. Na msisahau, katika sisi wote ni mimi pekee niliyeuliza, huendi kupanda gogo wewe?"

"Uliuliza," Kaduma akasema kutoka alipokaa, "halafu ukatia."

"Nilitia," akasema Sikitu. "Sikatai."

Hakuna aliyekasirika, nawaambieni. Kaduma alikuwa anatabasamu, Twilumba alikuwa anafuta machozi na kucheka, mtu wao yuko hai, anapumua, anaimba. Hata hivyo kikombe ni kimoja. Lutengano alikuwa amesimama katikati, fimbo mkono huu, kikombe mkono huu, anamtazama mmoja, anamtazama mwingine, na jasho linamtoka. Mikono mitatu ikanyooshwa mbele yake. Mkono uliokandamiza jeraha na ulioacha mguu upite. Mkono wa aliyesema kweli mbele ya watu na aliyesema homa miaka sita. Mkono uliotia kikombe cha tatu na uliopoteza mianzi kwa kukitaja.

Na mmoja kati yao alikichukua, na Lutengano akazeeka. Mimi ninamjua aliyekichukua, lakini sitamtaja, hata mkinipa debe zima la mahindi yaliyopukuchuliwa. Ninyi ndio mkae nacho. Wewe uliyekuwa unacheka, anza wewe, na usiniambie wote watatu, kwa sababu kikombe hakigawanyiki na kiu ya mtu haisubiri.

Je, nani alistahili kukabidhiwa kikombe?